Bakshishi kwa msusi, kinyozi na mkandaji: apewe nani, kiasi gani, na kwa namna gani?

Swali

Ndugu wasomaji, naomba ushauri wenu kuhusu jambo linalonisumbua kwa muda mrefu, ingawa kwa wengine huenda likaonekana dogo. Kwa miaka minne sasa nimekuwa nikitengenezwa nywele na msusi yuleyule, na kila ninapoinuka kwenye kiti chake moyo huanza kunidunda. Si kwa sababu ya bei, ambayo naijua na ninailipa bila manung'uniko, bali kwa sababu ya ile dakika moja inayofuata malipo. Sijui kama nimpe bakshishi au nisimpe. Nikiamua kumpa, sijui kiasi gani kitamheshimu na kiasi gani kitamdhalilisha, na hata nikishapata kiasi, sijui mkono wangu uanzie wapi.

Wiki iliyopita nilikuwa nimeikunja noti mara nne, nikaificha kiganjani tangu alipolifungua lile shuka shingoni mwangu. Nilipomnyooshea mkono, alidhani ninamuaga; na kwa kuwa viganja vyake vilikuwa na mafuta, alinipa kifundo cha mkono nikishike, kama watu wafanyavyo. Nilikishika kwa mkono uleule wenye noti, nayo ikaniponyoka ikaangukia kwenye nywele zilizokatwa, chini ya kiti. Tuliinama wote wawili kwa pamoja. Pembeni alikuwa amesimama msaidizi wake, binti aliyeniosha kichwa kwa karibu nusu saa kwa upole mkubwa, ameshika fagio, akitusubiri tumalize ili afagie. Nilitoka bila kumpa yeye chochote, na tangu siku hiyo ni sura yake inayonijia, si ya msusi.

Basi naomba mnisaidie. Msaidizi anapewa lini, na je, nikimpa yeye nitakuwa nimemvunjia heshima msusi? Mwenye saluni anapoamua kunihudumia mwenyewe, naye hupewa? Nifanye nini nisiporidhika na kazi? Tena ninalo swali la pembeni ambalo kwangu ni zito zaidi: mama yangu mgonjwa anahudumiwa nyumbani na muuguzi anayelipwa na taasisi iliyomtuma. Anamuogesha, anamgeuza, anamsikiliza hata anaporudia hadithi moja mara tano. Ningependa kumshukuru kwa namna inayofanana na kazi hiyo, lakini ninaogopa kumweka mahali pabaya.

Jibu la kwanza: kutoka kwa msusi

Dada, asante kwa kuuliza, maana sisi tulio upande wa pili wa kiti huwa tunaiona hiyo hofu machoni mwa wateja, nasi hatuna namna ya kuiondoa bila kuonekana tunaomba. Nimeshika kitana kwa miaka kumi na saba, na mitatu ya mwanzo niliimaliza nikiosha vichwa vya watu na kufagia. Kwa hiyo nimewahi kuwa huyo binti mwenye fagio, na ningependa kuanza na yeye.

Mpe. Huwezi kunivunjia heshima mimi kwa kumpa aliyenisaidia. Utanivunjia heshima ukinipa mimi mbele yake halafu umpite kama kiti. Katika saluni nyingi msaidizi ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote, na mara nyingine halipwi kabisa kwa kuwa anahesabiwa kuwa mwanafunzi. Mteja hufikiri kwamba anachonipa nitakigawa. Wapo wanaogawa, wapo wasiogawa, na wewe huna njia ya kujua. Ukitaka kimfikie, mpe mwenyewe, papo hapo anapomaliza kukuosha, kabla hujahamia kwenye kiti changu. Akishaenda kumuosha mteja mwingine, utaondoka hujamwona tena.

Kuhusu kiasi, nitasema jambo ambalo wateja wengi hawalijui: hatufanyi kazi kwa mkataba wa aina moja. Mmoja wetu yuko kwenye mshahara, mwingine yuko kwenye kamisheni, yaani anapata sehemu ya kila unacholipa, na wa tatu amekodi kiti. Aliyekodi kiti huchukua bei yote, lakini kutoka humo analipa kodi, dawa, taulo na siku zote ambazo hapakuja mtu. Bei ubaoni inaweza kuwa ileile kwa sisi watatu, na kinachobaki mfukoni jioni kikawa tofauti kabisa. Kwa hiyo hakuna fungu moja litakalokuwa sahihi kwa wote. Marekani watu hutaja asilimia 15 hadi 20 ya bei, na huko ndiko hesabu hiyo ilikozoeleka. Haiwi kanuni kwa mtu aliye mahali pengine kwa sababu tu ameisoma.

Kanuni ninayoweza kukupa mimi ni hii: toa kiasi ambacho unaweza kukitoa kila mara bila kukufanya usije. Nilikuwa na mteja mmoja, mama mkarimu sana, aliyenipa siku moja bakshishi iliyokaribia bei yenyewe, kwa kuwa nilimwandaa kwa harusi ya bintiye. Nilifurahi, sikatai. Lakini safari iliyofuata hakuwa na uwezo huo, akaona aibu, akaahirisha, kisha akaahirisha tena, na mwishowe nikasikia anasukwa kwingine. Nilimpoteza kwa sababu ya ukarimu wake, na hadi leo sijapata njia ya kumwambia kwamba nilimtaka yeye, na kwamba sikuwa nikiingoja noti. Wazee walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nami naamini moyo huo unapaswa kuwa mwepesi kwa anayetoa pia.

Namna ya kutoa: usiifiche noti kiganjani. Mikono yetu ina mafuta, ina dawa, ina glavu, nayo kazi ya kupokea kwa siri inatutia wasiwasi kama tunaiba. Iweke wazi mahali pangu pa kazi, karibu na vitana, useme, "Hii ni yako, nimependa ulivyonishughulikia hapa kisogoni." Hilo neno la sababu ndilo tunalokwenda nalo nyumbani. Mtu akinipa bila kusema lolote, sijui amefurahia nini ili nikirudie.

Na usiporidhika, sema. Tafadhali sema kabla hujainuka, kwa sauti ya kawaida. Nimeona wateja wakiondoka bila kutoa bakshishi waliyozoea, wakidhani wamenipa ujumbe. Bakshishi iliyokosekana haielezi kosa liko wapi. Nitadhani umeishiwa, au una haraka, nami nitarudia kosa lilelile kichwani mwako mwezi ujao. Ukiniambia, nitarekebisha bila malipo, na ndivyo msusi yeyote anayejiheshimu atakavyofanya.

Kuhusu mwenye saluni: katika adabu za zamani za Marekani ilisemwa kwamba mwenye biashara hapewi bakshishi, kwa kuwa bei yote ni yake. Siku hizi wengi humpa, na wengine huendelea na desturi ya kale. Mimi sasa nina viti viwili vyangu mwenyewe. Nikipewa nashukuru, nisipopewa sihesabu. Ukitaka kunifanyia hisani itakayodumu, niletee mtu mwingine.

Jibu la pili: kutoka kwa mkandaji

Nakubaliana na msusi kwa mengi, lakini ushauri wake wa kutoa bakshishi papo hapo na kuiweka mahali pa kazi hautufai sisi tunaofanya masaji, na ninaomba mnivumilie nieleze kwa nini.

Kazi yangu hufanyika ndani ya chumba kilichofungwa, mmoja amelala bila nguo zake nyingi na mwingine amesimama. Katika chumba cha namna hiyo pesa hubadilika maana kulingana na saa inapotolewa. Siku moja mteja mpya aliweka noti kadhaa juu ya meza ya mafuta kabla hajalala, akazipangusa kwa kidole mpaka zikanyooka, akaniambia, "Tutaelewana tu." Nilizichukua, nikamrudishia mkononi, nikamweleza kwamba bei yake imeshalipwa mapokezi na kwamba nitamkanda mgongo na mabega kama alivyoomba. Alikaa kimya saa nzima. Mimi pia nilikaa kimya, lakini mikono yangu ilikuwa mizito, nami niliuacha mlango bila komeo.

Huenda mtu huyo hakuwa na nia mbaya, sitaki kumhukumu. Ninachotaka wateja wema wafahamu ni kwamba bakshishi inayotangulia kazi inatulazimisha kujiuliza inanunua nini. Itoeni baada ya kazi, mkiwa mmevaa, mlango ukiwa wazi, ikiwezekana mapokezi ndani ya bahasha yenye jina la aliyewahudumia. Msiombe namba ya simu ya mfanyakazi kwa kisingizio cha kumtumia asante. Wala msiitumie kama deni: hakuna kiasi kinachompa mteja haki ya kuongezewa dakika ambazo mwingine anazisubiri, sembuse haki ya kushika au kusema asichoruhusiwa.

Jambo lingine ni mashine ya kulipia. Skrini inapogeuzwa kwa mteja ikiwa na asilimia tatu za kuchagua, nami nimesimama pale, huwa naangalia pembeni kwa makusudi, nikapanga taulo ambazo zimeshapangwa. Nafanya hivyo ili uwe huru. Ukibonyeza kwamba hutaki, sitajua, na sitaki kujua.

Jibu la tatu: kutoka kwa mteja asiyekubaliana

Ninawaheshimu wote wawili waliotangulia, na kwa sababu ninawaheshimu nasema wazi kwamba mteja hapaswi kubebeshwa hesabu hii. Bei ya huduma ipandishwe ifikie ujira unaomtosha mfanyakazi, kisha tuagane kwa shukrani ya mdomo.

Historia inaonyesha mzigo huu ulitoka wapi na nani alinufaika nao. Huko Marekani walikuwapo wahudumu weusi wa mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman, waliotandika vitanda vya abiria, wakang'arisha viatu vyao na kukesha wakiwasubiri wapige kengele. Mshahara wao ulikuwa mdogo kwa makusudi, na pengo liliachwa lizibwe na bakshishi ya abiria, kwa hiyo ilimlazimu mtu mzima kutabasamu hata alipoitwa kwa jina lisilo lake. Mwaka 1925 waliunda chama chao cha wafanyakazi kikiongozwa na A. Philip Randolph, na iliwachukua hadi 1937 kupata mkataba na kampuni. Fikirini: miaka kumi na miwili ya kudai kile ambacho kingeweza kuandikwa kwenye tiketi tangu mwanzo.

Hata sheria zilijaribiwa. Jimbo la Washington lilipiga marufuku bakshishi mwaka 1909, na majimbo mengine kadhaa yakafuata, lakini kufikia 1926 sheria zote za aina hiyo zilikuwa zimefutwa. Kisha mambo yakageuka: tangu mwaka 1966 sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kuhesabu bakshishi kama sehemu ya kima cha chini cha mshahara. Mfanyakazi ambaye kwa kawaida hupokea bakshishi ya zaidi ya dola 30 kwa mwezi anaweza kulipwa na mwajiri dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991, ilhali kima cha kawaida cha shirikisho ni dola 7.25. Ni kweli kwamba mwajiri anatakiwa kufidia pale jumla isipofika, na kwamba majimbo kadhaa yana viwango bora zaidi. Lakini tazameni kilichotokea: asante ya mteja imekuwa mshahara, na mteja asiyetoa anaonekana mwizi, wakati aliyeandika mkataba yuko ofisini.

Japani kuna wasusi na wakandaji hodari, na huko bakshishi si desturi. Ukimwachia mtu chenji anaweza kukufuata barabarani akurudishie. Hawajakosa adabu kwa hilo, na wateja wao hawatoki na noti iliyokunjwa mara nne.

Jibu la nne: msusi tena

Ndugu yangu, maneno yako kuhusu bei nayakubali, na laiti ingekuwa hivyo kesho asubuhi. Lakini dada aliyeuliza anarudi saluni mwezi huu, na binti mwenye fagio analipa nauli leo. Tusimnyime yeye kwa sababu ya kosa la mwajiri wake. Dai ujira bora kwa mwenye saluni, kwa jina lako na uso wako, huku ukiendelea kumpa binti. Hayo mawili hayagombani.

Jibu la tano: kutoka kwa aliyefanya kazi mapokezi

Nitaongeza jambo moja tu ambalo nililiona nikiwa nyuma ya meza ya malipo kwa miaka sita. Bakshishi iliyoingia kwa mashine au kwa simu iliingia kwanza kwenye akaunti ya biashara, na mahali nilipokuwa haikuwafikia wafanyakazi wote kama wateja walivyodhani. Sehemu ilikatwa ikaitwa gharama za mashine, sehemu ilisubiri mwisho wa mwezi, na aliyeacha kazi katikati hakufuatiliwa. Sikuwa na ujasiri wa kulisema wakati ule, na ninalijutia.

Uingereza wameliwekea sheria: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mwajiri anatakiwa kuwapa wafanyakazi bakshishi yote bila kukata chochote zaidi ya kodi na makato mengine ya kisheria, kuigawa kwa haki, na kuilipa kabla ya mwisho wa mwezi unaofuata ule ambao mteja aliitoa. Mahali pasipo na sheria ya namna hiyo, mteja anabaki na ulimi wake. Uliza kwa upole, pale mapokezi: "Nikiweka bakshishi kwenye mashine, inamfikia nani, na lini?" Akikujibu mara moja, vizuri. Akisita, akamtazama meneja, toa kwa mkono.

Jibu la sita: kutoka kwa muuguzi

Dada, nimelisubiri hilo swali lako la mama lijibiwe, nami naona limepitwa. Usimpe muuguzi pesa. Waajiri wetu wengi na maadili ya taaluma yetu hukataza, na kuna sababu nzuri: mgonjwa asiye na kitu anapaswa kugeuzwa kitandani kwa mikono ileile na kwa wakati uleule. Pesa ikishaingia, hata ikitolewa kwa moyo mweupe, mgonjwa wa jirani ataanza kuogopa kwamba kwake kunacheleweshwa. Pale ndipo bakshishi inapogeuka kuwa ile iitwayo pesa ya chai, ambayo sote tunajua inafungua milango gani na kuifunga mingine.

Andika barua kwa msimamizi wake. Usiandike "anafanya kazi nzuri," maana hilo huandikwa kwa kila mtu. Andika kwamba anamsikiliza mama yako anaporudia hadithi moja mara tano. Niliwahi kuandikiwa barua ya namna hiyo na familia moja; iliwekwa kwenye jalada langu, na ilisomwa kwa sauti nilipoomba kupandishwa cheo. Mpe yeye nakala. Kisha umwekee maji ya kunywa na kiti cha kukalia anapopumzika, kwa kuwa nyumba nyingi husahau.

Mwuliza swali

Nawashukuru nyote kwa dhati, pamoja na ndugu asiyekubaliana, ambaye maneno yake yamenifanya nimuulize mwenye saluni kama msaidizi wake analipwa. Alinijibu kwamba analipwa nauli na chakula, basi. Nilimwambia kwamba niko tayari kuongezewa bei ikiwa nyongeza hiyo itakwenda kwake. Hakunikatalia wala hakukubali. Alisema atafikiri, nami nitamkumbusha.

Jana nilikwenda kuoshwa. Msusi nilimwekea yake karibu na vitana, nikamweleza kwamba nimependa alivyonipunguzia maumivu kwenye nywele za pembeni, naye akacheka akasema kwamba alikuwa hajui kama ninayahisi. Kabla ya hapo, nikiwa bado kwenye beseni, nilimuuliza binti jina lake. Miaka minne nilikuwa sijawahi kumuuliza. Alilitaja, akanipa taulo, nami nikamwonyesha bahasha niliyomwandalia. Mikono yake ilikuwa imejaa povu hadi viwikoni, kwa hiyo alinigeuzia ubavu na kuniomba niitumbukize mwenyewe kwenye mfuko wa aproni.

Barua ya muuguzi nimeianza usiku huu. Mama ameomba aandike mstari wa mwisho yeye mwenyewe, kwa hiyo nimemwachia nafasi.